Kitambaa cha Dirishani

Walianza na namba.
Baba alipewa debe la rangi nyeupe na brashi,
akaandika juu ya kila bomba, kila pipa, kila mlango wa tanuru,
mpaka rangi ikaisha, wakampa nyekundu.
Kiwanda cha chuma cha Hengzhou
kikafunguliwa kama saa mezani pa fundi,
kikapakiwa kwenye mabehewa
na kupelekwa magharibi, kilomita mia mbili na arobaini,
hadi Liangwa, nchi ya mtama na kondoo,
ambako, tuliambiwa, watu wenyewe walikuwa wakikiomba.

Labda kweli walikiomba.

Siku ya kuangusha dohani kuu
wanafunzi tuligawiwa vibendera.
Ilipiga goti kwanza,
kama mtu anayetafuta kiatu uvunguni,
kisha ikalala.
Tulishangilia. Nami nilishangilia,
na baba yangu alikuwa ndani ya treni.

Mama hakuwahi kuamini mashine.
Kila jioni alifuta kizingiti cha dirisha
kwa kipande cha fulana kuukuu ya Baba,
akakiinua kwenye taa, akasoma.
Zamani kilisomeka kama tako la sufuria.
Mwaka ule, Machi: cheupe. Juni: cheupe.
Akawa anafuta mara mbili,
kama anayetafuta sarafu iliyomdondoka.

Bustanini wakasimamisha ubao wa taa:
thelathini na nane, arobaini na moja, ishirini na tisa, zote kijani.
Wacheza karata wakarudi nje na vigoda vyao.
Bwana Xun, mwenye nyumba, akapandisha kodi.
"Mnaishi chini ya anga sasa," alisema,
"zamani mliishi chini ya dari tu."

Baba alipiga simu Jumapili.
Kazi ipo, alisema. Nyama ipo.
Akakohoa, akaomba radhi, akaendelea.
Amepanga kwa Miao Cuilian, mjane mwenye kondoo sitini
ambao manyoya yao huwa ya kijivu kabla ya kukatwa;
mnunuzi amepunguza bei mara mbili.
Lakini paa lake ni jipya,
na mwanawe ana pikipiki, ana sare, ana mshahara.
Asubuhi mama huyo hulishukuru tanuru,
usiku hulilaani,
na Baba, ukutani pa pili, husikia dua zote mbili.

Sasa ni mimi ninayejaza tarakimu za ule ubao.
Nina kiti kinachozunguka na jedwali lenye safu kumi na nne.
Liangwa haimo.
Liangwa ni jimbo jingine,
na jedwali letu linaishia mpakani,
pale pale upepo usipoishia.
Tani zilizoondoka tumeziandika kwa wino mzito.
Zilikokwenda, hakuna aliyeniuliza.

Desemba upepo ulivuma kutoka magharibi siku tatu.
Ubao ukasoma mia mbili na kumi na mbili.
Mkuu wangu alisimama dirishani, mikono nyuma.
"Huu si wetu," alisema. "Andika: moshi mgeni."
Waliosema penye moshi hapakosi moto
hawakuwahi kuishi Hengzhou.
Moto wetu tuliuhamisha kwa treni,
tukiuandika namba.

Jioni ile simu ililia, na haikuwa Jumapili.
Baba alikuwa akicheka.
"Leo kumetakata huku! Upepo umefagia kila kitu.
Tumeuona mlima. Miaka sita nipo hapa,
sikujua kuna mlima.
Kwenu je?"

Nilimtazama Mama.
Alikuwa ameshafuta kizingiti,
amekiinua kitambaa kwenye taa,
na sasa amekisogeza puani,
amefumba macho.

"Mwambie amefika," alisema.

Akakitundika bila kukifua
kwenye msumari wa mlangoni,
ule wa koti lake.